Paroko ni wa altareni kwanza, saruji tuibebe sisi

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Wiki hii tuna kumbukumbu ya Mtakatifu Yohane Maria Vianney, tarehe 4 Agosti, ambaye Papa Pius XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925 na mwaka 1929 akamfanya msimamizi wa maparoko, kwa hiyo nimeona tafakari yetu tuielekeze kwa baba paroko, yaani padre anayeongoza parokia yetu, maana kwa kweli tunamuongelea sana ila kumuombea tunamuombea kidogo.

Hivi sisi waamini tukikaa baada ya Misa pale nje tukaanza kumuongelea paroko, tunaongelea nini? Mara nyingi ni majengo. Utasikia huyu padre mchapakazi jamani, kaja kakuta msingi tu sa hivi kanisa limeezekwa, na yule aliyetangulia alikuwa mpole ila hakuacha kitu. Barua ya uhamisho ikitoka kwa askofu tunaanza kuhesabu, ukumbi kajenga, grotto ya Bikira Maria kajenga, nyumba ya masista kajenga, basi tunamuaga kwa shangwe, lakini ni wachache wanaosimama kusema padre huyu alimuungamisha baba yangu wiki ya mwisho ya maisha yake, padre huyu alinirudisha kwenye Komunyo nikiwa nimekaa nje miaka. Sisemi ujenzi ni mbaya, kanisa likivuja watu watasali vipi, na hela za kujenga lazima zitafutwe. Shida yangu ni pale tunapompima mchungaji kwa mabati halafu yeye naye anaanza kujipima hivyo hivyo, anaamka anawaza saruji analala anawaza michango.

Tusome Matendo ya Mitume sura ya 6, ule mwanzo. Kulikuwa na manung'uniko ya kweli kabisa, wajane wa Wayahudi wa Kigiriki walikuwa wanasahauliwa kwenye mgao wa kila siku, na mitume hawakusema hayo ni madogo, wala hawakusema subirini tutakuja wenyewe kugawa. Walisema haipendezi waliache neno la Mungu wakahudumie meza, wakawaambia waamini wachague kati yao watu saba wenye sifa njema, waliojaa Roho na hekima, ili wao mitume wadumu katika kuomba na kulihudumia Neno. Angalieni hapo, waliochagua wale saba ni jumuiya yenyewe, na matokeo yake mstari wa 7 unasema neno la Mungu likaenea na hesabu ya wanafunzi ikazidi sana. Yaani wajane walihudumiwa na Injili ikasonga mbele, hakuna kilichoachwa.

Sasa Kanisa lenyewe linamdai paroko nini? Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 528, inasema ahakikishe Neno la Mungu linatangazwa kwa ukamilifu na Ekaristi Takatifu iwe kiini cha jumuiya ya parokia. Ya 529 inamtaka awafahamu waamini wake, azitembelee familia, ashiriki mahangaiko na misiba yao, awe karibu na wagonjwa na hasa walio karibu kufa, awatafute maskini na wapweke na walio mbali na kwao. Halafu iko kanuni ya 534 ambayo natamani kila mwamini aijue. Kila Jumapili na kila sikukuu ya amri, yaani ile ambayo waamini wanalazimika kusali Misa, paroko anawajibika kutolea Misa kwa nia ya watu aliokabidhiwa. Sio akipenda, ni wajibu, na Misa hiyo haina sadaka ya nia, hakuna anayeilipia. Akizuiwa kihalali basi padre mwingine aitolee kwa niaba yake au aitolee mwenyewe siku nyingine.

Ukae uwaze hilo kidogo. Wewe umelala nyumbani Jumapili, au uko safarini, au umekasirika hutaki hata kuiona parokia kwa sababu ya maneno ya kwenye jumuiya, na kuna mtu amesimama altareni na jina lako limo kwenye nia yake hata kama hajui unaitwa nani. Mlevi wa mtaani kwenu yumo, binti aliyeacha kusali yumo, mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani yumo. Sijui kama kuna zawadi nyingine paroko anayoweza kutupa inayozidi hii, na wengi wetu tunaipokea miaka yote bila kujua kama ipo.

Huyu Vianney alikuwa mtoto wa mkulima, alizaliwa Dardilly karibu na Lyon mwaka 1786, Komunyo ya kwanza aliipokea kwa siri kwa sababu ya Mapinduzi ya Ufaransa, mapadre walikuwa wanasakwa. Kilatini kilimshinda sana darasani hata upadre wenyewe nusura aukose, akapewa daraja mwaka 1815, na mwaka 1818 akapelekwa Ars, kijiji kidogo chenye watu kama 230 hivi ambao imani yao ilikuwa imepoa, Jumapili watu wako shambani au kwenye vilabu vya pombe. Hakuanza kwa kuitisha kikao cha michango. Alianza kwa kupiga magoti mbele ya tabernakulo, pale inapohifadhiwa Ekaristi, alfajiri kabla watu hawajaamka, na kutembea nyumba kwa nyumba. Kujenga alijenga baadaye, kanisa alilitengeneza akaongeza vikanisa pembeni na akafungua nyumba ya kulea wasichana maskini, ila hayo yalitoka kwenye sala zake, hayakuzimeza. Ikafika miaka ya mwisho watu wanatoka kila kona ya Ufaransa kuja kuungama kwake, anakaa kwenye kiti cha maungamo hadi saa 16 kwa siku.

Na alichoka jamani. Tusimfanye kama mtu wa chuma. Zaidi ya mara moja alitaka kuondoka Ars akajifiche kwenye utawa asali kimya kimya, mara ya mwisho mwaka 1853 alitoka usiku na waamini wakamzingira wakimlilia abaki, akabaki, akafia hapo hapo tarehe 4 Agosti 1859. Kama mtakatifu mwenyewe alielemewa hivyo, huyu wetu mwenye parokia ya vigango kibao, yaani vituo vidogo vya kusalia vilivyo chini ya parokia, ambaye Jumapili anatoka Misa ya kwanza anapanda pikipiki na vumbi lote lile kwenda kigango ambacho hakijaona Misa tangu mwezi uliopita, anarudi jioni anakuta watu wanne ofisini na risiti za nondo, tunategemea hamu ya kusali ataitoa wapi?

Hizi kazi zina wenyewe, na wenyewe ni sisi. Kanuni ya 537 inataka kila parokia iwe na kamati ya fedha ya kumsaidia paroko kutunza mali, na sisi tunayo halmashauri ya walei, tuna vyama vya wanawake, wanaume na vijana Wakatoliki, yaani WAWATA, UWAKA, VIWAWA, tuna wahasibu na mafundi na walimu wastaafu wamejaa kwenye mabenchi. Jumuiya ndogo ndogo maaskofu wetu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walizifanya kipaumbele cha kichungaji tangu mwaka 1976 ili Kanisa liishi pale mtaani na sio kwa ajili ya kukusanyia michango tu. Ni kweli mbele ya sheria paroko ndiye anayewajibika kwa mali ya parokia na hawezi kunawa mikono, ila kusimamia ni kitu kimoja na kukimbizana na lori la mchanga ni kitu kingine. Mhasibu aandae hesabu vizuri, msomaji aandae masomo nyumbani mapema asiyakute ambo, pale mimbarini pa kusomea, kwaya ichague nyimbo ambazo waamini wanaweza kuitikia badala ya sisi kukaa tunawatazama, maana Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, kwenye hati ya liturujia ya mwaka 1963 ulitaka waamini washiriki kikamilifu, kwa kuelewa na kwa utendaji. Katekista naye, huyu anayebeba kigango mgongoni wiki zote padre asipofika, aangaliwe hali yake ya maisha, hili nalisema kwa uchungu kabisa kwa sababu tunamkumbuka siku ya Kipaimara tu.

Jambo la mwisho ambalo linanigusa sana ni wagonjwa. Bado kuna watu wanaogopa kumwita padre nyumbani kwa sababu wanaona Mpako wa Wagonjwa, ile sakramenti ya kumpaka mgonjwa mafuta na kumuombea, ni kumtabiria mtu kifo, basi wanasubiri mpaka mgonjwa hawezi kuongea, hawezi kuungama, hawezi kupokea Komunyo, ndio simu inapigwa saa nane za usiku. Mtaguso ule ule ulisema wazi sakramenti hii sio ya wale tu walio katika saa ya mwisho, mtu akianza kuwa hatarini kwa ugonjwa au kwa uzee wakati wake umeshafika. Mwite padre mama akiwa bado anaweza kukaa kitandani akaitikia sala mwenyewe, akaongea na paroko wake wakiwa wawili tu, hiyo ndiyo kazi aliyowekewa mikono na askofu kuja kuifanya.

Kwa hiyo wenyeviti wa jumuiya, Jumamosi hii kabla ya yale matangazo ya zaka naomba muandike majina ya wagonjwa na wazee wa kila kaya na namna ya kufika kwao, mumpelekee paroko karatasi hiyo. Na habari ya vigae vya sakristia, kile chumba cha padre kujiandaa kwa Misa, muulizeni mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, baba paroko muacheni siku hiyo atembee kwa wagonjwa.