Hapa Nilikohoa

Kiangazi kikikaribia mwisho, Lubumbashi, jiji letu la kusini mwa Kongo, inakauka mpaka unasikia vumbi jekundu kwenye meno. Shule zimefungwa, watoto wamejaa lupangoni, yaani kwenye ua wetu, na mimi ninayefundisha chekechea mwaka mzima najikuta likizo na darasa lile lile, tofauti ni kwamba siiti majina asubuhi. Jumamosi hii tulipuliza rangi. Tumeshafanya hivyo mara nyingi, ila safari hii kuna maneno waliyosema ambayo sitaki yanipotee, ndiyo maana naandika usiku huu wakati bado kuna umeme.

Kwa wasioujua mchezo huu: unachukua gwashi, rangi nzito ya maji, ile ya chupa wanayouza kwenye papeteri, duka la karatasi na kalamu, unaizimua kwa maji mpaka iwe nyepesi kama maziwa. Unadondosha matone machache kwenye karatasi. Mtoto analaza mrija pembeni ya tone, bila kuligusa, halafu anapuliza. Ni hivyo tu, na kwa mtoto wa miaka mitatu ni jambo kubwa sana. Tone lilikuwa limetulia, mviringo, linang'aa. Pumzi inafika, linatikisika kidogo, linagoma, kisha ghafla upande mmoja unafunguka na rangi inachomoka. "Tanti, iko nakimbia!" Akiongeza pumzi, mstari unagawanyika mara mbili, na kila tawi linatoa vijitawi vyembamba mpaka rangi inakwisha. Tone la maji hujikaza lenyewe, halipendi kutawanyika. Pumzi ikilishinda linavunjikia pale palipo dhaifu, na rangi inayofuata inapita hapo hapo palipokwisha kulowa. Kama karatasi umeilowesha kwanza hupati matawi, unapata wingu. Ukipuliza kutoka juu, wima, tone linapasuka na kurukia pande zote, na shati la jirani linapata sehemu yake.

Watu wazima wanaopita wanapenda kusema, waache watoto wajieleze kwa uhuru. Sawa. Lakini gwashi ikiwa nzito, mtoto anapuliza mpaka macho yanamtoka na tone halisogei. Ikiwa maji matupu, inakimbia vizuri ila ikikauka huoni kitu. Uhuru wote wa yule mdogo umo ndani ya kikombe alichochanganya mtu mzima kabla yeye hajaketi. Nusu saa yangu ya kwanza huwa ni kikombe, karatasi ya majaribio, na mrija mdomoni mwangu mwenyewe.

Karatasi ni kalenda za mwaka jana, upande wa nyuma. Kila nyumba hapa ina kalenda za kupewa, na mgongo wake ni mzito kiasi cha kubeba maji bila kukunjamana. Upande wa mbele unateleza mno. Mirija naitoboa kwa pini karibu na ncha ya mdomoni: mtoto akisahau akavuta badala ya kupuliza, hewa inaingia kwenye tundu na rangi haipandi. Kwa walio chini ya miaka minne nabadilisha kabisa, natumia rangi ya keki. Ile rangi ya unga wanayochanganya na simenti kupaka sakafu ni rahisi na nyekundu yake inavutia, lakini haikaribii mdomo wa mtoto mbele yangu. Wakubwa walipendekeza vikonyo vya majani ya papai, kwa kuwa ndivyo wanavyopulizia mapovu ya sabuni, na wazo lingekuwa zuri kama si ule utomvu mweupe unaowasha midomo. Kila mtoto na mrija wake, kwa sababu baridi ya Julai ilituachia mafua ambayo mpaka sasa yanazunguka lupango zima. Na baada ya kupuliza mara kadhaa, mapumziko ni lazima. Ukipuliza mfululizo kabonidioksidi inapungua kwenye damu na kichwa kinazunguka. Wao kizunguzungu hicho wanakipenda, mimi sikipendi.

Mgeni wetu mgumu alikuwa mvulana wa miaka tisa. Ni fundi. Anachora malori yanayokwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na magurudumu yote yanaonekana, turubai linaonekana, hata kamba za kufungia zinaonekana. Lupango zima linamjua kwa malori yake. Mpe mrija na anakuwa sawa na mdogo wake wa miaka mitatu, pengine chini yake, maana mdogo hana anachotafuta. Huyu alitaka rangi iende kushoto ikaenda kulia. Alijaribu kuigeuza karatasi, akajaribu kuzuia kwa kidole, akauliza kama anaruhusiwa kutumia kalamu. Nilimwambia amalize kupuliza kwanza. Alimaliza kwa hasira, akaenda kukaa kwenye kizingiti, akawa anawatazama wadogo wakicheka. Nimefikiri sana kuhusu uso wake. Tunasema kazi hii haina kushindwa, na kwa wadogo ni kweli. Lakini mtoto aliyekwisha kujua kufanya jambo vizuri, ukimnyang'anya ufundi wake mbele ya watu, unamwambia nini?

Saa nne hivi mama wa mapacha akaja kuwachukua. Karatasi zilikuwa zimelala juani, zimebanwa kwa vijiwe. Akainama, akainua moja, akaigeuza juu chini, akauliza: "Madamu, sasa hii ni nini?"

Zamani swali hilo lilikuwa linanichoma. Nilikuwa naona linaua mchezo. Siku hizi nalielewa zaidi, kwa sababu nalielewa jiji langu. Miaka ya 1970 sebule nyingi za hapa zilikuwa na mchoro ukutani: Mamba Muntu, nusu mwanamke nusu samaki, na nywele zake ndefu, au ile Colonie Belge, yaani Koloni la Ubelgiji, mfungwa anachapwa, askari wamesimama, Mzungu anatazama. Watu waliiita michoro hiyo ukumbusho. Haikutundikwa kwa ajili ya rangi zake. Ilitundikwa ili mgeni akikaa aulize, na mwenye nyumba apate kusimulia. Tshibumba Kanda-Matulu alichora historia nzima ya nchi kwa namna hiyo, picha baada ya picha, na maelezo yake mdomoni. Aliyelelewa chini ya kuta kama hizo akiuliza "hii ni nini" hadharau. Anadai hadithi yake.

Basi sikumjibu mimi. Nilimwambia amuulize mwenye karatasi.

Pacha mmoja, mwenye karatasi ya bluu na njano, alianza kuonyesha kwa kidole bila kusita. Hapa nilianza. Hapa ndugu yangu alinisukuma. Hapa nilichoka. Hapa nilikohoa. Pale alipokohoa palikuwa na vitone vidogo vingi vya bluu, vimerukia mbali na mstari, na kimoja kilikuwa kimeangukia njano na kuacha alama ya kijani. Hapa nilicheka kwa hiyo ilienda vibaya. Hapa ulituita tunywe maji. Mama yake akasikiliza yote, mkono kiunoni, akasema "Aah," halafu akauliza kama inaweza kukauka kabla ya jioni maana anataka kuondoka nayo.

Mimi niliyefundisha miaka yote hii nilikuwa nawaambia wazazi kwamba michoro hii haionyeshi kitu, ni rangi na mwendo tu, furahini. Mtoto ananirekebisha mbele ya mama yake. Ilikuwa ukumbusho kabisa, wa asubuhi moja na pumzi zake zote, pamoja na kikohozi.

Niseme kidogo kuhusu kuwaacha watu wachore, maana jiji hili lina rekodi yake. Mwaka 1946, wakati bado ni Elisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana iliyojulikana kama Hangar, na msimamo wake ulikuwa kwamba wachoraji wa Kiafrika wasifundishwe mbinu za Ulaya, watoe kilichomo ndani yao. Pili Pili Mulongoy alitoa ndege na samaki. Mwenze Kibwanga alitoa miili iliyosukwa kwa mistari mifupi sambamba. Bela, aliyetoka pande za Chad, aliweka brashi kando akachora kwa ncha za vidole. (Mwaka 1947 huko Marekani mchoraji Jackson Pollock naye alikuwa anatandaza turubai chini na kudondosha rangi. Napenda kufikiri juu ya hao wawili, kila mmoja bara lake, wote brashi imewachosha.) Mwaka 1951 Laurent Moonens akaanzisha Akademia ya sanaa, yenye masomo na walimu, na ubishi kati ya njia hizo mbili bado unaweza kuusikia hapa ukikaa na wasanii jioni. Mimi nina shaka na sifa anazopewa Desfossés za kuwaacha watu huru. Kazi zao nazipenda mno, na hasa za Bela. Lakini aliyeleta karatasi, rangi na paa, akaamua pia kile ambacho hawatafundishwa, mkono wake umo ndani ya picha. Wangu nao umo, kwenye kikombe.

Ila kulijua hilo hakukunisaidia na mvulana wa malori. Baadaye, rangi yake ilipokauka, alirudi na kalamu ya wino. Nilimwona nikanyamaza. Kwenye lile doa jekundu lililomkasirisha akaongeza magurudumu sita, kioo, na dereva mwenye kofia. Matawi marefu yakawa vumbi la nyuma. Sema kweli, sikuipenda sana. Doa lilikuwa zuri zaidi peke yake. Ila karatasi ni yake na lori ni lake, na ndilo lililomrudisha mezani, na wadogo wakaanza kumletea za kwao awatafutie kilichomo. Nikawa na meza mbili: ya kupuliza na ya kutafuta. Sikuwa nimepanga hivyo, lakini wiki ijayo nitapanga.

Mvua ikianza mchezo huu utakufa, kwani ndani hakuna pa kuanikia karatasi zote hizo. Kwa hiyo kabla haijaanza wanataka karatasi moja kubwa, kalenda nyingi zimeunganishwa kwa gundi nyuma, itandazwe chini ya mwembe na wote wapulize kwa pamoja. Mabishano yameshaanza. Mapacha wanajua tayari kitakachotokea, kwa sababu leo nyekundu ya mmoja ilivuka ikaingia kwenye bluu ya mwingine, na kilio kilikuwa kile kile mpaka saa nne: "Mwambie arudishe rangi yake!" Mvulana wa malori amejitangaza msimamizi. Ameshachagua upande upepo unakotokea, na anakataa kuwaeleza wenzake kwa nini.