Kisu cha shilingi 420,000: niliyoyaona katika jiko la shughuli

Kwa miaka kumi na mmoja sasa ninapika vyakula vya shughuli jijini Dar es Salaam: harusi, hitima, mikutano ya ofisi na mara moja moja mahafali. Anayepikia watu 300 hukata vitu vingi kabla moto haujawashwa. Pilau na kachumbari ya watu hao peke yake hutaka kilo 40 hivi za vitunguu, ukiacha nyanya, karoti, hoho na nyama, na kazi hiyo tunaifanya watatu, mimi na wasichana wangu wawili. Mwaka 2019 nilianza kuamka usiku kwa maumivu ya kiganja cha kulia, na asubuhi vidole vilichelewa kukunjuka. Nilipojichunguza nikiwa kazini niligundua kwamba nilikuwa sikati vitunguu, bali navikandamiza hadi vipasuke.

Visu nilivyokuwa navyo vilikuwa vile vya Kariakoo vya shilingi 6,000, vyenye bapa jembamba linalopinda na mpini wa plastiki. Vikiwa vipya vilikata vizuri kwa wiki moja au mbili, kisha vikawa butu, nami nikavisukumia pembeni na kununua vingine. Daftari langu la matumizi linaonyesha kwamba mwaka huo nilinunua visu 14, yaani shilingi 84,000 zilizotoka kidogo kidogo bila kuumiza, na mwisho wa mwaka nilikuwa na droo iliyojaa visu visivyokata. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza kama kisu kimoja cha bei kubwa kisingekuwa nafuu zaidi.

Mdogo wangu anayefanya kazi Dubai alinitafutia kisu cha Kijapani chenye bapa la sentimita 21, kwa fedha iliyolingana na shilingi 420,000. Aliponikabidhi aliniambia, "Dada, hiki usimwazime mtu." Sikuwahi kushika kitu cha namna ile. Kitunguu kilipokatwa kilibaki kimekaa pale pale kana kwamba hakijaguswa, na vipande vikatengana nilipovisogeza kwa kidole. Hata machozi yalipungua, na hilo lina sababu yake: machozi huletwa na hewa inayotoka pale chembe za kitunguu zinapopondwa, na kisu kikali hupita bila kuponda chembe nyingi. Baada ya miezi miwili maumivu ya kiganja yalikuwa yamekwisha. Kama ningeandika habari hii wakati ule, ningemwambia kila mpishi auze hata kitenge chake anunue kisu kama hicho.

Kilichofuata ndicho kilichonifundisha. Siku moja tulikuwa na kazi ya haraka, na mmoja wa wasichana alikichukua kisu kile akakigongea kuku wa kienyeji kwenye viungo, kama tunavyofanya siku zote kwa visu vyetu vya kawaida. Jioni nilipokata nyanya nilihisi ganda likinaswa. Nilikiinua kisu kwenye mwanga wa dirisha nikayaona mapengo mawili, moja dogo kama punje ya chumvi, la pili kubwa kama punje ya mchele iliyokatika, na kando yake mkwaruzo mwembamba uliopanda juu kidogo ya makali. Sikumlaumu binti yule. Kosa lilikuwa langu, kwa maana nilileta jikoni chombo ambacho sikukifahamu na sikumwambia mtu yeyote kina tabia gani.

Chuma cha visu vile ni kigumu sana. Mafundi hupima ugumu kwa kipimo cha Rockwell, ambapo kisu cha kawaida cha Kijerumani hufika 56 hadi 58, na vingi vya Kijapani hufika 60 au zaidi. Kwa kuwa ni kigumu, huweza kunolewa makali membamba sana, nyuzi 15 hivi kila upande badala ya 20, na makali hayo hudumu. Lakini chuma kigumu hakipindi, kinamomonyoka. Kisu laini kikigonga mfupa makali yake hulala upande na huweza kunyooshwa, ilhali kile kigumu hupoteza kipande. Jiko letu lina mifupa, lina vichwa vya samaki, lina boga, na lina mhogo ambao hukibana kisu katikati hadi mtu akizungushe ili kukitoa. Na kule kuzungusha ndiko hasa kunakokivunja kisu cha namna ile.

Nilikipeleka kwa kijana anayenoa visu kwa baiskeli, wale wanaopita mitaani wakiwa wameegesha baiskeli yao juu ya stendi na kuzungusha jiwe kwa kanyagio. Kwa panga na jembe kazi yao ni nzuri, nami huwaita hadi leo. Kwa kisu changu, jiwe kavu linalozunguka kwa kasi lilitoa cheche nyingi, mapengo yakaondoka ndani ya dakika tatu, nikalipa shilingi 1,000. Siku ya tatu kisu kilikuwa butu. Nilipokipitisha tena kwake, kikadumu siku mbili.

Jibu nililipata kwenye soko la samaki la Feri, mahali ambapo sikutarajia kuulizia kisu. Asubuhi moja nilikuwa nasubiri kupariwa nguru, nikawa namtazama mzee mmoja miongoni mwa wapara samaki. Kisu chake kilikuwa cha bei ndogo kama vile vilivyojaa kwenye droo yangu, kimelika hadi kimebaki chembamba kama jani la mchaichai, lakini kilikuwa kinapita kwenye ngozi ya nguru bila kusita. Baada ya kila samaki wawili au watatu alikivuta mara nne kwenye jiwe lililolowa maji, kisha akaendelea. Nilimwamkia, nikatoa kisu changu kwenye kitambaa nikampa.

Alikigeuza, akayaweka makali juu ya ukucha wa kidole gumba ili kuona kama yananasa au yanateleza, kisha akaniita nisogee. "Mwanangu, aliyekinoa amekiunguza. Tazama hapa." Ukingoni palikuwa na kivuli cha buluu chembamba kama uzi. Chuma cha kisu hupata ugumu wake kwa moto wenye kipimo, na moto usio na kipimo huuondoa ugumu huo; sehemu iliyogeuka rangi imekwisha kulainika, na hakuna dawa isipokuwa kuisaga polepole kwa maji hadi kufikia chuma kizima. Nilimuuliza kisu chake alikinunua wapi. Akaniambia kwamba kisu ni chochote, ila jiwe analo kwa miaka tisa.

Niliagiza mawe mawili ya kunolea ya maji, la namba 400 kwa kusaga na la namba 1000 kwa kutia makali, yote kwa shilingi 95,000. Kazi ya kuondoa chuma kilichoungua ilinichukua jioni tatu, na kisu kilipungua upana kwa milimita mbili hivi. Naieleza namna ninavyonoa, kwa sababu hapa ndipo faida yote ilipo. Jiwe naliloweka hadi povu la hewa liishe, naliweka juu ya kitambaa kilicholowa ili lisiteleze, kisha nainua mgongo wa kisu kutoka jiweni sentimita moja na robo, ambayo kwa bapa la upana wa sentimita tano kasoro ni karibu nyuzi 15. Nasukuma na kuvuta bila kubadili mwinamo huo, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikibonyeza kidogo juu ya sehemu inayonolewa. Maji huwa meusi. Hayo ni chuma na unga wa jiwe, na hayaoshwi, kwa sababu yanasaidia kusaga. Wakati wa kugeuza upande hujulikana kwa kupapasa: ukipitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea makalini, unahisi uzi mkavu wa chuma uliojikunja upande wa pili. Uzi huo usipojitokeza urefu wote wa kisu, kazi ya upande ule haijaisha. Wengi huachia hapo, wakasema jiwe halifai.

Nilipokwisha kuzoea, nilitoa visu vya droo vile 14. Vitatu vilikuwa vimevunjika mpini. Kumi na kimoja vilinolewa, vyote vikakata. Sikuwahi kuvinoa hata mara moja maishani mwake, ingawa mama yangu alikuwa akinoa kisu chake kila Ijumaa kwenye ukingo wa baraza la saruji, na chetu cha nyumbani kilitumika tangu nikiwa darasa la pili hadi nilipoolewa.

Mwaka 2021 niliamua kupima mwenyewe, saa ukutani, kilo tano za vitunguu vya kukatwa vyembamba kwa kila kisu, kila kimoja siku yake ili mkono usichoke. Kisu butu cha shilingi 6,000 kilichukua dakika 41. Kisu hicho hicho kikiwa kimenolewa, dakika 27. Kisu cha Uswisi cha Victorinox chenye mpini wa plastiki, nilichonunua kwa shilingi 110,000, dakika 25. Cha Kijapani, dakika 23. Dakika 14 za kwanza nilizookoa zililetwa na jiwe. Nne za mwisho zililetwa na tofauti ya zaidi ya shilingi 400,000.

Hata hivyo, kasi si hesabu yote. Cha bei ndogo huanza kuteleza juu ya ganda la nyanya kabla kilo kumi hazijaisha, hivyo siku ya kazi kubwa lazima mtu asimame kukinoa. Cha Uswisi hunimalizia shughuli nzima, na nikikipitisha kwenye fimbo ya chuma kama zile za mabuchani hunipeleka hadi shughuli ya pili. Chuma chake ni cha kiasi, ugumu 55 au 56, kwa hiyo kikigonga mfupa kinapinda badala ya kumomonyoka, na wasichana wangu wanakitumia bila hofu. Cha Kijapani hunichukua shughuli tatu au nne, na kwa kukata samaki vipande laini visivyo na mfupa, au kachumbari inayotakiwa kung'aa mezani saa tano baada ya kukatwa, hakuna kingine ninachokishika. Nakipenda, nakiosha mwenyewe na kukikausha papo hapo. Lakini nikiulizwa kama kinastahili fedha zile, nasema kinamstahili aliyekwisha kujua kunoa na mwenye kazi inayokihitaji kila wiki. Kwa mwingine, shilingi 420,000 zitakuwa butu ndani ya mwaka kama zilivyo butu zile 6,000, na zitamuuma zaidi.

Mwezi uliopita binamu yangu alifungua mgahawa mdogo Mbagala, akaniletea shilingi 250,000 nimchagulie kisu kizuri kimoja. Nilimnunulia kile cha Uswisi, jiwe la namba 1000 kwa shilingi 55,000, visu viwili vya Kariakoo na panga dogo la mifupa na mhogo, nikakaa naye alasiri mbili hadi alipoweza kuuhisi ule uzi wa chuma kwa kidole. Fedha iliyobaki nilimwambia anunue kibao cha mbao, kwa sababu alichokuwa akikatia kilikuwa cha kioo.