Seli iliyogoma kugawanyika

Nimetoka darasani sasa hivi. Bukavu mvua, Nyawera matope kila mahali, lakini acha niandike kabla moto haujazimika.

Leo profesa alituonyesha video ya seli ya binadamu ikigawanyika. Kromosomu 46, yaani vifurushi vya DNA, kila moja imeshajinakili, zinavutwa na nyuzi kutoka pande mbili.

Siku zote nilijiuliza: huo uzi unashika wapi?

Unashika kwenye kinetokori, mjengo wa protini za aina zaidi ya 100, uliokaa kwenye kiuno cha kromosomu. Humo ndani kuna kundi la protini nne, Ndc80. Ndilo linaloukamata uzi. Na uzi wenyewe hautulii, unarefuka, unafupika, ila mshiko hauachii! Hapo nikaweka kalamu chini.

Halafu kromosomu moja ikabaki pembeni.

Moja tu, jamani. Seli nzima ikasimama.

Kumbe kinetokori ambayo haijashikwa hutoa ishara ya kuzuia mgawanyiko, na zile 45 zilizo tayari zinaisubiri. Kama mama anayehesabu watoto kabla ya kuvuka barabara.

Darasa kimya. Uzi ukapita karibu, ukakosa. Ukarudi.

Ukaikamata! Jamaa wa nyuma akapiga kelele: "Goli!" Hata profesa alicheka.

Wa biolojia na wa medsini mliomo humu, ninyi ni kitu gani cha seli kiliwahi kuwaacha midomo wazi? Mwenye video nyingine anitumie, mega bado ninazo.