Siku Moja Maishani Mwangu: Sebule Nyeupe ya Tudor

Saa 12 na nusu asubuhi

Wapambaji wengi wa nyumba huanza kazi saa tatu. Mimi huwahi jua. Asubuhi jua la Mombasa huingia dirishani likiwa limelala, likauparaza ukuta kwa ubavu, na hapo kila tundu, kila mkwaruzo na kila uongo wa fundi hujitokeza. Ikifika saa nne limeshapanda juu ya paa, na ukuta uleule utakuapia kwamba umenyooka. Ndiyo maana nikiitwa kupamba nyumba huomba kuingia kabla watu hawajanywa chai.

Leo ni mtaa wa Tudor, ghorofa ya tatu, sebule inayotazama mashariki. Nimepanda tuktuk na mkoba wangu: vipande vya mbao vilivyopakwa lipu za aina aina, kamba ya makumbi, kipande cha mkeka, tochi na msasa.

Saa 1

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Vua viatu tu, huko ndani kunateleza."

Kweli kunateleza. Taili nyeupe zinazong'aa, kuta nyeupe za rangi ya mafuta, dari ya jipsamu, makochi ya ngozi bandia, meza ya kioo. Safi kabisa, na pesa imetumika. "Lakini hatukai humu," mama ananiambia. "Wageni wakija tunaishia jikoni. Nataka unibadilishie rangi. Labda kijani?"

Nimepiga kofi moja katikati ya chumba. Sauti ikagonga ukuta, ikagonga taili, ikarudi. Mama akacheka. Nikamwambia rangi haina kosa lolote. Kosa ni kwamba kila kitu humu ni kigumu na kinang'aa, kwa hiyo sauti haina pa kutulia na jicho halina pa kushika. Ukipaka kijani utapata chumba cha kijani ambacho hakikaliki.

Shauri langu: weupe ubaki, tubadilishe nyuso. Chumba cha rangi moja hubebwa na tofauti za mguso. Kikavu kikae karibu na kinachong'aa, kilichosukwa karibu na kilicholala bapa. Na si lazima viwe vingi. Uso mmoja mkubwa wenye ukavu unafanya kazi kuliko mapambo kumi ya mezani.

Nyuma ya kochi kubwa rangi imevimba na kubambuka. Fundi aliyetangulia aliirudia palepale, ikavimba tena. Hapo hakuna uchawi. Chumvi husafiri na unyevu ndani ya tofali. Unyevu ukikauka, chumvi hubaki ikawa chembe. Rangi ya mafuta imeuziba ukuta, basi chembe zinaisukuma kwa nyuma mpaka inapasuka. Nimefurahi, sitaki kusema uongo. Ukuta huo ulikuwa lazima ubanduliwe hata hivyo, na ndio unaopigwa na jua la ubavuni.

Saa 4

Biashara Street, kutafuta kitambaa cha mapazia na mito. Hapa naenda kwa vidole. Wauza duka wamenizoea: nafumba macho, navuta pindo, nasugua kwa kidole gumba. Mahameli ni tamu kwa mkono, ila kuikalia Mombasa mwezi wa pili ni adhabu. Hariri bandia inang'aa, na mng'ao tunao wa kutosha. Nimechukua marekani, pamba nzito isiyopaushwa, kwa mapazia, na vikoi viwili vya weupe juu ya weupe ambavyo mistari yake huihisi kabla hujaiona.

Mteja mmoja dukani ameniuliza mbona sichukui leso, si ndiyo urembo wetu? Naipenda leso. Lakini leso ina mchoro, na kitambaa chenyewe ni bapa. Ukiwa mbali unaona maua, ukigusa hupati kitu. Sebule hii haina njaa ya maua.

Saa 6

Mji wa Kale. Ningeweza kumpigia simu fundi wa chokaa nikamaliza, lakini natafuta sababu za kuja huku. Anatengeneza nyumba ya zamani. Lipu imevuliwa upande mmoja na mawe ya matumbawe yako wazi, na vitundu vyake vidogo vidogo. Ukitaka kuyaona mawe hayo kwa ukubwa wake, nenda Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Kuta zile hazikai na sura moja. Asubuhi zina chembechembe, mchana zimelala, jioni zinarudi kuwa na mashimo.

Ndani ya nyumba hii kuna somo zima. Juu, boriti za mikoko, duara na nyeusi, zimepangwa karibu karibu. Boriti hazifiki mbali, mita tatu kasoro, ndiyo maana vyumba vya zamani ni vyembamba na virefu. Chini ya boriti ukuta umelainishwa kwa chokaa, kando yake zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, na kila kidaka kina kivuli chake. Rangi ni moja, nyeupe, wala huchoki kuitazama.

Na chokaa inapumua. Jiwe la matumbawe huchomwa, likalowekwa maji, likapakwa. Likiwa ukutani hunyonya kaboni dayoksaidi ya hewani na kurudi kuwa jiwe taratibu. Unyevu unapita, hauzibwi. Kwa ukuta wa Tudor ulio na chumvi, hiyo ni dawa kabla ya kuwa urembo.

Fundi ameniuliza, "Wataka ya kusugua au ya kukwaruza?" Nimemwambia bado, nyumba ile ina bibi mzee, lazima naye aulizwe.

(Kuna wanaoniomba ile karatasi ya ukutani yenye picha ya mawe. Siiwezi. Jicho litadanganyika siku mbili, mkono haudanganyiki.)

Saa 8

Wali wa nazi na samaki wa kupaka. Nimekula haraka.

Saa 9

Karibu na soko la Marikiti nimetafuta mkeka. Nimetaka wa ukindu usiotiwa rangi, ukili (ule msuko unaoshonwa kuwa mkeka) mpana, mshono unaoonekana. Mwenye mali anasifu ile ya rangi tatu, mimi nageuza huu upande wa chini kutazama kama umeshonwa kwa mkono mmoja. Tumevutana bei, tumeelewana. Juu ya taili lazima uwekewe mpira chini, la sivyo mtoto akikimbia tutapelekana hospitali. Na uwe unaanikwa juani, maana kwa unyevu wa huku mkeka usiopata hewa huota ukungu.

Saa 11 jioni

Nimerudi Tudor, na bibi ameshapata habari. Amekaa na kipande changu cha lipu ya kukwaruza mapajani, anakipitisha kidole.

"Mjukuu wangu, huu ukuta utashika vumbi. Nani atafuta? Wewe?"

Swali la haki, nami nililitarajia. Kuanzia sakafuni hadi mita moja na robo, panapofika migongo ya viti na mikono ya watoto, tutaweka niru: chokaa iliyosuguliwa kwa mwiko mpaka ikawa laini, ya kupanguswa kwa kitambaa kibichi. Juu yake ndiyo iwe ya kukwaruza, na mikwaruzo isimame, isilale, maana mistari iliyolala ni rafu za vumbi. Bibi akakigeuza kile kipande mistari isimame, akakipulizia, akatazama. "Haya. Lakini kochi langu lisiguswe."

Halitaguswa. Meza ya kioo pia inabaki, kwani ukavu wa ukuta hauonekani pasipokuwa na kitu kinachong'aa mbele yake.

Saa 1 usiku

Nimezima taa ya katikati ya dari, ile inayomwaga mwanga mbele ya kila kitu na kuua vivuli, nikasimamisha kipande cha lipu ukutani na tochi chini yake, karibu kabisa. Mistari ikatoka yote. Mama mwenyewe akasogeza tochi huku na huku, kisha akaniuliza taa ya hivyo inauzwa wapi. Nimempendekezea mbili za sakafuni, za mwanga wa manjano.

"Yatakuwa tayari kabla ya Idi?"

"Ukuta hapana, mama. Jumatatu fundi abandue rangi, uachwe wazi ukauke, kisha chokaa tabaka kwa tabaka. Chokaa haina haraka. Mkeka, mapazia na taa nitavileta wiki hii."

"Basi anza na mkeka," bibi amesema kutoka kochini.