Jumamosi zetu bandani, farasi katikati yetu

Mimi na Baba Neema tulikuwa tumefika mahali mazungumzo yetu ni karo, gesi na kodi ya nyumba tu. Yeye ni dereva wa lori, mimi nina duka. Siku akiwa nyumbani, kila mtu na simu yake. Tulipotimiza miaka 12 ya ndoa akaniambia, "Mama Neema, twende Karen tukapande farasi." Karen ni mtaa wa Nairobi. Nilikubali kwa ajili yake. Farasi nilikuwa nawaogopa.

Kupanda kwenyewe kulichukua nusu saa, na mapaja yaliniuma siku tatu. Kilichonirudisha kule ni yale ya kabla ya kupanda. Saisi, yaani mtunza farasi, mzee mpole sana, alikataa kutupandisha kabla hatujamsugua mnyama. Alitufundisha kumwendea farasi kwa upande wa bega huku ukimsemesha, kwa kuwa haoni nyuma ya mkia wake wala mbele kabisa ya kipaji cha uso. Ukimtokea hapo ghafla atashtuka, na teke la farasi si la kungojea. Kisha akampa kila mmoja brashi: mume wangu kulia, mimi kushoto, jike la kijivu katikati.

Unaanza na brashi ya mpira, unazungusha mpaka vumbi liinuke, halafu unafuata na ile laini kwa mlalo wa manyoya. Baada ya dakika chache mdomo wa chini wa yule jike ulilegea ukaning'inia, akapumzisha mguu mmoja wa nyuma kwenye ncha ya kwato. "Amestarehe," mzee akasema.

Mume wangu sikumwona, niliona kofia yake tu ng'ambo ya mgongo. Akaanza kunisimulia ajali aliyoikuta Salgaa, kwenye barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, miezi mingi nyuma, jambo ambalo hakuwahi kulitamka nyumbani. Nadhani ilimsaidia kwamba hatukuwa tunatazamana na mikono ilikuwa na kazi. Mimi niliendelea kusugua palepale, nikisikiliza.

Tangu hapo tunakwenda mara mbili kwa mwezi akiwa hana safari. Tuliomba kusafisha na kuwatembeza tu, bila kupanda, nasi tunalipa kidogo. Lazima tufike mapema, maana kabla jua halijazama farasi wanaingizwa ndani kukwepa usubi, wadudu wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, ambao hauna dawa ya kuutibu, wanachanjwa tu. Kwa hiyo saa tisa nafunga duka, wateja wawe wengi au wachache. Hilo peke yake limetupa jioni ambazo hatukuwa nazo.

Simu tunaziacha kwenye gari. Na ugomvi hatuingii nao bandani. Siku moja tulianza kuvutana kuhusu shule ya Neema, sauti zikapanda kidogo tu. Jike akaacha kutafuna, akainua kichwa, masikio yakalala nyuma. Mzee hakutulaumu. Alisema, "Mama, vuta pumzi, uiachie taratibu." Nikavuta, Baba Neema naye akavuta. Tukasimama kimya, viganja vyetu juu ya mgongo ule wa joto, mpaka sikio moja likageuka upande wangu, la pili likamfuata mume wangu, na nyasi zikaanza kutafunwa tena.

Shule tuliizungumza njiani tukirudi, na tulielewana kabla ya kufika Dagoretti Corner.