Watazaa Matunda Hata Wakati wa Uzee

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Neno letu la juma hili: "Watazaa matunda hata wakati wa uzee, watajaa utomvu, watakuwa na ubichi" (Zaburi 92:14).

Tarehe 17 Desemba 2012, Bibi Dina Manfredini alifariki dunia mjini Johnston, jimbo la Iowa, Marekani, akiwa na miaka 115 na siku 257. Siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa mtu mwenye umri mkubwa kuliko wote duniani. Cheo hicho alikishika siku 13 tu, tangu alipofariki Bibi Besse Cooper wa Georgia tarehe 4 ya mwezi huohuo, na baada yake kikaenda kwa mzee Jiroemon Kimura wa Japani. Dunia ilimfahamu kwa hizo siku 13. Mimi naomba tukae kidogo na zile nyingine, ambazo hakuna mwandishi wa habari aliyekuwa akizihesabu.

Alizaliwa Pievepelago, kijiji cha milimani upande wa Modena, kaskazini mwa Italia, Jumapili ya tarehe 4 Aprili 1897, Kwaresima ikiwa inaelekea mwisho. Ili tuone ni zamani kiasi gani: wiki hiyohiyo Sultani Hamoud bin Mohammed wa Zanzibar alitia saini amri ya kuondoa hadhi ya utumwa kisheria. Papa alikuwa Leo XIII. Bibi Dina alipofariki, Papa alikuwa Benedikto XVI, wa kumi katika maisha yake.

Mwaka 1920, akiwa binti wa miaka 23, alivuka bahari na mumewe wakafika Des Moines, Iowa. Waitalia wengi waliokuja sehemu zile walishuka kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na upande wa kusini wa mji wakawa na mitaa yao na parokia yao ya Mtakatifu Antonio. Mwaka uliofuata Marekani ikaanza kuweka ukomo wa wahamiaji, na sheria ya 1924 ikakaribia kuufunga kabisa mlango kwa watu wa Italia. Yeye alikuwa ameshaingia. Leo mji huohuo una ndugu zetu kutoka Kongo na Burundi wanaosali kwa Kiswahili, wanaofanya kazi viwandani na usafi wa majengo, wakilea watoto watakaozungumza lugha nyingine kuliko wao. Naamini wao wangemwelewa bibi huyu upesi kuliko sisi tuliobaki nyumbani.

Alilea watoto wanne. Kisha ikaja Vita vya Pili vya Dunia, na hapa ndipo moyo wangu unapokwama. Bibi Dina aliajiriwa katika kiwanda cha risasi. Italia, nchi iliyomzaa, ilikuwa adui wa Marekani, na Waitalia wapatao 600,000 waliokuwa hawajapata uraia waliandikishwa kama raia wa nchi adui, mpaka hali hiyo ilipoondolewa Oktoba 1942. Mwaka 1944 vita ikapanda hadi Apennini, milima ileile ya utoto wake, ambako Wajerumani walikuwa wamejenga ngome za ulinzi kutoka bahari hadi bahari. Mwanamke anatengeneza risasi ili watoto wake wale, na kwao kunapigwa. Aliomba nini jioni akirudi nyumbani? Mungu anajua, na naona inatosha kwamba Mungu anajua. Wapo kati yetu wenye ndugu pande mbili za mpaka wenye vita, na maombi yao hayana maneno yaliyonyooka. Bwana huyapokea hivyohivyo.

Baada ya vita maisha yaliendelea kwa kazi. Bibi Dina alisafisha nyumba za watu hadi alipofika miaka 90. Wapendwa, tafadhali msipite hapo haraka. Miaka 90 ni mwaka 1987. Wengine katika umri huo tunawakataza hata kunyanyua ndoo, na yeye bado alikuwa anafagia na kupiga deki nyumba zisizo zake. Kisha akaishi peke yake, akijitegemea, mpaka alipotimiza miaka 110. Mtunga zaburi anaposema "ubichi", mimi namwona mama huyu ameshika ufagio.

Huwa tunaomba maisha marefu kwenye kila sherehe. Tunayaimba, tunayaandika kwenye keki. Ni mara chache nasikia mtu akiomba Mungu ampe pia la kufanya katika miaka hiyo anayoiomba, mtu wa kumhudumia, mlango wa kubisha. Nabii Ana, binti Fanueli, alikuwa mjane mzee wa miaka 84, lakini hakuondoka hekaluni, akifunga na kuomba usiku na mchana. Mtoto Yesu alipoletwa alimkuta zamu yake haijaisha.

Na bibi zetu je? Bibi Dina tunajua siku yake ya kuzaliwa kwa sababu iliandikwa. Wengi wa bibi zetu hatujui hata mwaka. Alizaliwa "mwaka wa nzige", au "njaa ile kubwa", ndivyo tunavyoambiwa. Hawataingia kwenye kitabu chochote cha rekodi hata wakifika miaka 120. Lakini ni wao waliotufundisha Ishara ya Msalaba kabla hatujajua kusoma. Mtume Paulo, akiwa kifungoni, alipomwandikia Timotheo kuhusu imani yake, alimtaja kwa jina Loisi, bibi yake, kwanza, ndipo akamtaja mama yake Eunike. Basi juma hili, mwenye bibi aliye hai amwulize habari zake na aziandike: jina la mama yake, mahali alipobatizwa, wimbo aliokuwa akiupenda.

Lipo jambo jingine linalohitaji kusemwa taratibu. Hata mikono ya Bibi Dina ilifika mahali ikapumzika. Miaka yake ya mwisho aliishi Bishop Drumm, nyumba ya Kikatoliki ya kutunzia wazee, akihudumiwa yeye aliyehudumia nyumba za watu wengi. Wapo wazee wetu wanaoona aibu kuoshwa na kulishwa, wanaojiita mzigo. Wao wana zaburi yao: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache" (71:9). Isomeni mkiwa nao, kwa sauti, na mkae mpaka wamalize wanachotaka kusema.

Jioni ya tarehe 17 Desemba, aliyofariki bibi huyu, Kanisa huanza zile antifona kuu za Majilio, viitikio vifupi vya sala ya jioni, na ya kwanza inamwita Kristo "Ee Hekima". Tuombe kwa maneno ya Zaburi 90:

Utujulishe kuzihesabu siku zetu, tujipatie moyo wa hekima. Mpe Bibi Dina raha ya milele, ee Bwana. Uwaangalie wajukuu wake na vitukuu wake popote walipo. Uwakumbuke bibi walio vitandani leo katika nyumba za wazee, na wale wanaoamka gizani kwenda kufagia nyumba za wengine. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.