Pale kwenye tambi, University Avenue

Ninafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee hapa Saint Paul, Minnesota. Nikiamka saa nane mchana sina nguvu hata ya kufungua kopo la tui, sembuse kusukuma chapati. Navaa koti, naingia treni, nashuka University Avenue kula tambi.

Mgahawa wenyewe siutaji jina. Meza ni chache, na Jumapili tayari tunabanana mlangoni na makoti yetu mazito. Sitaki kujiongezea foleni. Uko eneo wanaloliita Little Mekong, karibu na kituo cha Western. Juu ya mlango wameandika kwamba wanauza chakula cha Kithai na Kivietinamu. Ndani kuna kalenda ya duka la vyakula, televisheni isiyo na sauti, na kila meza ina kopo la vijiti na vijiko, chupa ya pilipili nyekundu yenye kifuniko cha kijani, na kibakuli cha pilipili iliyokaangwa kwenye mafuta. Mwenye mgahawa anakuonyesha kwa kidevu ukae wapi. Sisi tuliokulia kwa mama ntilie wa stendi ya Tanga hatuhitaji maelezo zaidi ya hayo. Bakuli kubwa ni dola 13, na mimi silimalizi; nusu nafungiwa, naenda nayo kazini.

Kilichonisumbua mwanzoni ni ramani. Thailand na Vietnam hazina hata mpaka wa pamoja, katikati yake zipo Laos na Kambodia. Sasa iweje vyakula vyao vikae jiko moja, menyu moja, tena kwa mpishi yuleyule? Marekani migahawa ya namna hii ni mingi na wateja hawaulizi. Mimi niliuliza, kwa sababu nikiwa na njaa huwa naongea sana.

Jibu lilikuwa hukohuko katikati. Dada mwenye mgahawa si Mthai wala Mvietinamu. Ni wa kabila la Wahmong, na wazazi wake walitoka milima ya Laos. Wakati wa vita vya Vietnam, Wahmong wengi walipigana upande wa Wamarekani, vita ambavyo CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliviendesha kimyakimya ndani ya Laos. Mwaka 1975 Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ukaanguka, Laos nayo ikaingia mikononi mwa wakomunisti, na waliokuwa upande ulioshindwa wakaanza kukimbia. Walivuka mto Mekong kuingia Thailand, wengine kwa mitumbwi, wengine wakielea juu ya mianzi, na wengi hawakufika ng'ambo. Waliofika walikaa kambini miaka mingi. Kambi kubwa kuliko zote za Wahmong iliitwa Ban Vinai, na huko ndiko dada huyu alikozaliwa. Baadaye familia zikaletwa Marekani, na leo Saint Paul ni miongoni mwa miji yenye Wahmong wengi zaidi nchi hii.

Kwa hiyo ile menyu ni njia waliyopita. Supu ya tambi ya Kivietinamu ilikuwa inaliwa Laos tangu zamani, mama yake aliijua kabla ya kukimbia. Vyakula vya Kithai vikaongezeka kambini. Nikamuuliza, mbona kwenye kibao hamkuandika Kihmong? Akacheka. "Wakati tunafungua, dada, nani angeingia?" Na kweli, chakula cha Kithai kinajulikana kila mahali, serikali ya Thailand yenyewe, miaka ya mwanzo ya 2000, iliweka mpango maalumu wa kuongeza migahawa ya Kithai nje ya nchi. Nilimwelewa haraka. Hata Wakenya wa huku, na Wakisii wamejaa Minnesota, wakifungua mgahawa wanaandika "chakula cha Kiafrika", ukiingia unakuta ugali, mbuzi na sukuma wiki. Siku hizi mambo yanabadilika kidogo. Mpishi mmoja Mhmong, Yia Vang, alifungua mgahawa Minneapolis mwaka 2024 akauita Vinai, jina la ile kambi. Huko mimi nasubiri kualikwa.

Tuje kwenye chakula.

Mwenzangu wa kazini, Mkisii, yeye ni supu ya ng'ombe tu, ile wanayoiita pho. Mifupa inachemka usiku kucha pamoja na tangawizi na kitunguu vilivyobabuliwa motoni mpaka maganda yakawa meusi, mdalasini, karafuu, iliki, na kile kiungo kikavu chenye umbo la nyota. Nyama inakatwa nyembamba sana, inawekwa mbichi juu ya tambi za mchele, halafu supu ya moto inamwagwa na nyama inaivia hapohapo mezani. Pembeni unaletewa sahani ya majani: rehani, choroko zilizochipua, vipande vya ndimu, pilipili mbichi. Hiyo sahani ina historia yake. Supu hii ilianzia kaskazini mwa Vietnam mwanzoni mwa karne ya 20, na kaskazini wanaipenda bila mapambo mengi. Nchi ilipogawanywa mwaka 1954, watu wa kaskazini wengi walihamia kusini, na kule kusini ndiko ilikozidi kujazwa majani na sosi za kila aina. Wakimbizi waliokuja Marekani wengi walitoka kusini, ndiyo maana huku unaletewa bustani nzima. Mkisii wangu anarundika yote kwa pamoja, anainama, hasemi neno mpaka nusu ya bakuli. Kisha: "Aki hii supu, homa yenyewe inatoroka." Januari ya Minnesota, nje nyuzi 20 chini ya sifuri za Selsiasi, simbishii.

Mimi nyama ambayo sijui imechinjwaje siili. Kila mtu na msimamo wake, wapo Waislamu wenzangu wanaokula na sina ugomvi nao. Siku ya kwanza nilimuuliza yule dada maswali mpaka nikaona haya. Supu ya mboga mnaweka mifupa? Hapana, sufuria yake iko mbali: figili, karoti, kitunguu, viungo vilevile. Roli za kukaanga je? Zina nguruwe, usiguse. Roli mbichi, zile za karatasi ya mchele, naweza kukufungia za kamba peke yake. Kikaango? Hapo hakunidanganya: kikaango ni hikihiki kwa wote, ila nitakuoshea. Na anaosha, nasikia maji. Sasa nikiingia tu anapaza sauti kuelekea jikoni, "hakuna nguruwe!", na watu wote wanageuka kuniangalia. Nimezoea.

Kwa mtu wa Tanga, utamu wa jiko hili umo kwenye vitu ambavyo havihitaji kutambulishwa. Tui. Ukwaju. Ndimu. Mchaichai, ambao nyumbani tunautia kwenye chai na hapa wanauponda na kuutia kwenye supu ya tui pamoja na uyoga na majani ya mndimu. Kijiko cha kwanza nilisema bismillahi mara mbili. Sosi ya samaki ndiyo inayowashinda wageni wengi. Ni dagaa na chumvi vilivyokaa mapipani miezi mingi mpaka vikatoa maji. Lakini mtu aliyelelewa na nyumba inayonuka papa ng'onda hawezi kukunja pua mbele ya chupa hiyo.

Saladi ya papai bichi isikupite. Anaitwanga bibi, mama yake dada, kwenye kinu kirefu cha udongo: kitunguu saumu, pilipili, ukwaju, nyanya, ndipo papai lililokatwa kama nyuzi. Kuna ya Kithai, yenye karanga na sukari kidogo, na kuna ya kwao wenyewe, nyeusi, yenye kaa waliochachushwa na chumvi. Ile ya pili agiza ukiwa na maji karibu. Bibi atakuuliza pilipili ngapi kwa kuinua vidole. Nilipoinua vitatu, alinitazama usoni kwa muda, akaniwekea viwili.

Tambi za kukaanga za Kithai, zile zinazopendwa na kila Mmarekani, mimi siziagizi tena. Ni tamu mno, ukwaju unafichwa na sukari, na naamini wanafanya hivyo kwa sababu wateja wa mchana wanazirudisha zikiwa na uchachu wake. Wali wa kukaanga ni wa kawaida. Mchuzi wa kijani ni mzuri siku bibi yupo jikoni. Akiwa hayupo, ni maji yenye rangi. Nimemwambia dada hivyo, akasema anajua.

Kahawa hapa inatoka polepole, tone kwa tone, kwenye kichujio cha bati kinachokaa juu ya glasi, chini yake maziwa mazito ya kopo. Unakoroga, unamimina kwenye barafu. Ni kali na nzito, kwa sababu Vietnam inalima zaidi robusta, aina ileile inayolimwa na ndugu zetu wa Kagera. Mimi naomba bila barafu, wananishangaa kila mara, hata wakati wa theluji. Nikipata kashata nyumbani naingia nazo kwenye mkoba. Dada ameonja moja, akarudi kuomba ya bibi.

Kuna chakula kimoja ambacho hakimo kwenye menyu. Jumamosi na Jumapili wanabandika karatasi iliyoandikwa kwa kalamu karibu na kaunta: tambi nyembamba kwenye mchuzi mwekundu wa tui, juu yake kabichi, majani ya mnanaa na ua la mgomba lililokatwa nyembamba. Hicho ndicho chao hasa, na ndicho kinachojaza mlango Jumapili, familia nzima nzima za Wahmong baada ya ibada, bibi na wajukuu. Mara nyingi kinapikwa kwa kuku, kwa hiyo nilikaa muda mrefu nikikitazama tu kwenye meza za watu. Majuzi dada akaniambia, lete kuku wako wa halali, nitakupikia sufuria ndogo siku ya katikati ya wiki. Duka la Wasomali haliko mbali. Nimempelekea wawili, mmoja wangu, mmoja wao.

Ukienda, nenda kati ya saa nane na saa kumi mchana, wafanyakazi wa ofisini wameshaondoka. Beba na fedha taslimu, mashine ya kadi hugoma siku za baridi. Jumanne wamefunga.